Daftari la Ruta: Lugha na Utunzaji wa Mtandao wa Duka Moja la Kimulot

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufunzwa shuleni, nao wanafunzi huikariri pamoja na nyingine nyingi pasipo kuitilia maanani, maadamu machoni pao mali ni ng'ombe, shamba na fedha taslimu. Wenye maduka huielewa vyema zaidi. Hata hivyo, katika zama hizi ambapo duka la kijijini limeunganishwa na ulimwengu kwa antena iliyo juu ya paa, ipo mali nyingine ambayo hata mfanyabiashara mwangalifu kabisa husahau kuiandikia daftari, nayo ni mipangilio ya ruta. Makala haya yanasimulia jinsi mali hiyo ilivyopotea katika duka moja la Kimulot, namna ilivyorejeshwa, na yale ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kujifunza kutokana na kisa hicho.

Kimulot ni mojawapo ya wadi 5 za eneobunge la Konoin katika Kaunti ya Bomet. Ni nchi ya chai. Katika nyanda hizi za Kericho na Bomet kuna mashamba makubwa ambayo kampuni za Waingereza zilianza kuyapanda katika miaka ya 1920, na kuna vishamba vya wakulima wadogo wanaouza majani mabichi kupitia KTDA, shirika lililoasisiwa mwaka 1964 na kubinafsishwa mwaka 2000. Upande wa mashariki umekaa msitu wa Mau. Upepo wenye unyevu unaotoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko hii kila alasiri, mawingu yakajengeka, na kabla ya jioni radi huwa imeanza kunguruma. Nyanda hizi zinajulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua ya mawe. Mkulima huihesabu hasara ya mvua hiyo kwa majani yaliyochanika; mwenye vifaa vya umeme huihesabu kwa mitambo iliyoungua.

Duka linalozungumziwa ni la mama mmoja wa makamo. Sehemu ya mbele huuzwa mbolea, dawa za mifugo, mabuti ya mpira na vikapu vya kuchumia chai. Pembeni pana meza ya M-Pesa. Nyuma, palipokuwa ghala la mahindi, pana tarakilishi 6 na printa 2, na hapo ndipo wanakijiji huja kutafuta huduma za serikali ambazo siku hizi hazipatikani dirishani bali mtandaoni: taarifa za kodi za KRA ambazo mwisho wake ni tarehe 30 Juni, vyeti na leseni kupitia eCitizen, maombi ya mikopo ya HELB, na maombi ya nafasi za vyuo kupitia KUCCPS. Mitambo yote hiyo hukutana katika swichi moja, na swichi hiyo huunganishwa na ruta moja ndogo nyeusi iliyotundikwa ukutani.

Anayeitunza ruta hiyo leo si mhandisi. Ni kijana aliyehitimu shahada ya ualimu katika masomo ya Kiswahili na Historia, akajisajili na TSC, na hadi sasa angali anangoja kuajiriwa. Kwa muda alifundisha katika shule ya kutwa kwa mkataba wa bodi ya shule, kwa malipo yaliyochelewa kila muhula. Ufundi wa mitandao alijifunza kwa binamu yake mjini Eldoret wakati wa likizo, akianza kwa kuvuta nyaya darini na kuishia kwenye mipangilio yenyewe. Mama mwenye duka humwita "mwalimu", naye humwita "mama". Jina hilo la mwalimu humfurahisha na kumwuma kwa pamoja, kwa kuwa ni la kazi aliyoisomea na hajapewa.

Ni vyema kwanza kueleza kazi ya ruta, kwani wengi wetu tunaiona ukutani pasipo kujua inachokifanya. Msomaji na afikirie kituo cha kununulia majani ya chai. Kila mkulima ana namba yake. Karani hupima mzigo, huuandika uzito dhidi ya namba hiyo, kisha majani ya wote hupakiwa katika lori moja na kupelekwa kiwandani. Barabarani lori ni moja, lakini malipo yanapokuja, kila shilingi hurudi kwa namba iliyoistahiki. Ruta ni karani wa aina hiyo. Hugawa namba kwa kila tarakilishi na printa iliyo ndani ya duka. Tarakilishi inapoomba ukurasa fulani, ruta huandika katika kumbukumbu yake ni namba ipi iliyoomba, kisha hulituma ombi nje kwa kutumia namba moja tu ambayo duka zima linajulikana kwayo. Jibu likirudi, huangalia kumbukumbu hiyo na kulikabidhi kwa mwenyewe. Jibu ambalo hakuna aliyeliomba ndani hukataliwa mlangoni. Mfano huu una upungufu wake, kwa kuwa lori huchanganya majani ilhali ruta haichanganyi ujumbe, ila unatosha kwa mtu anayeanza.

Utaratibu wa namba za ndani una historia yake. Namba za mtindo wa zamani wa intaneti ni takriban bilioni 4.3 tu, idadi ambayo haiwatoshi walimwengu na vifaa vyao. Mnamo mwaka 1996, mafungu matatu ya namba yalitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, yasitumike kamwe katika intaneti ya wazi. Ndiyo maana tarakilishi ya duka la Kimulot na nyingine iliyo katika ofisi ya Muscat zinaweza zote mbili kubeba namba 192.168.1.10 pasipo kugongana, sawa na vijana wawili wa vijiji mbalimbali wanaoitwa Kipkoech. Kinachowatenganisha ni karani aliyesimama katika kila kituo. Karani huyo akipoteza kitabu chake, kituo kizima husimama.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Usiku mmoja wa radi umeme ulipotea. Asubuhi uliporudi, taa ya intaneti kwenye ruta ilikuwa nyekundu. Mhudumu wa duka, msichana mkakamavu aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili kabla, alimpigia fundi wa awali, yule aliyeupanga mtandao wote. Fundi huyo alikuwa amekwisha kuhamia Doha, ambako alikuwa akifanya kazi ya ulinzi. Simu ilimkuta akikimbilia zamu.

"Ireseti tu," alisema, na simu ikakatika.

Kwa fundi, neno hilo lilimaanisha kuzima, kungoja kidogo, na kuwasha. Mafundi wengi hulitumia hivyo. Mhudumu aliigeuza ruta, akaona nyuma yake kitundu kidogo kilichoandikwa neno hilohilo kwa Kiingereza. Alitwaa pini, akaizamisha kituduni, akaibana mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Alilitii neno alilopewa, tena kwa usahihi kuliko aliyelitamka. Kile kitundu huifuta ruta kumbukumbu yake yote na kuirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Zilifutika namba za printa, majina ya mitandao miwili ya waifai, mpaka uliowatenga wateja na mashine za kazi, na zaidi ya yote, jina na nenosiri la laini ambalo kampuni ya intaneti humtambua nalo mteja wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimeandikwa mahali popote. Baadaye ilibainika kwamba ruta haikuwa na ugonjwa wowote. Mnara ambao antena ya duka huelekea ndio uliokuwa bado umekosa umeme, na kufikia saa sita mchana mtandao ungerudi wenyewe pasipo mtu kugusa kitu.

Mtu asidhani kwamba mkanganyiko wa aina hii ni wa kijijini pekee. Mwezi Mei mwaka 2018 wataalamu wa usalama walitangaza kugunduliwa kwa programu haribifu iliyoitwa VPNFilter, ambayo ilikuwa imeingia katika ruta na vifaa vingine zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa vya nyumbani na vya ofisi ndogo. Shirika la FBI la Marekani liliwasihi wenye ruta kote duniani wazizime na kuziwasha tena. Ushauri huo ulifaa, ila ulikuwa na kikomo: kuzima na kuwasha kuliondoa sehemu tu ya programu hiyo, huku mzizi wake ukisalia ndani. Aliyetaka kuung'oa kabisa alipaswa kuifuta ruta mipangilio yote na kuianza upya. Vitendo viwili, matokeo mawili tofauti kabisa, na watu wa kawaida katika lugha nyingi walivitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Jijini Chicago kama huko Kimulot, mtu aliyekosa maneno mawili ya kutenganisha mambo mawili alikuwa hatarini kufanya lile asilolikusudia.

Mwalimu aliitwa siku hiyo alasiri. Alitambua mara moja lililotokea, kwa kuwa ruta ilikuwa ikitangaza mtandao wa waifai wenye jina la kiwandani. Mipangilio ya ndani aliweza kuibuni upya kwa saa moja. Shida ilikuwa jina na nenosiri la laini. Alipoipigia kampuni inayotoa huduma, aliombwa namba ya kitambulisho cha mwenye laini, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba laini ya duka iliandikishwa kwa jina la fundi aliye Doha. Mama alikuwa ameilipia kila mwezi kwa miaka 4, lakini vitabuni haikuwa yake. Kampuni ilikataa kutoa siri ya mteja kwa mtu mwingine, na ilikuwa na haki ya kukataa. Fundi naye hakuwa mwizi. Aliandikisha kwa jina lake kwa kuwa siku ile ndiye aliyekuwa na kitambulisho mkononi, na kazi ilitakiwa kumalizika kabla ya giza. Usiku, baada ya zamu, aliandika jina la laini kama alivyolikumbuka, na nenosiri ambalo lilikataliwa mara tatu. Siku ya pili aliiandikia kampuni barua pepe ya kuihamishia laini kwa mama. Siku ya tatu, adhuhuri, taa ikawa kijani.

Siku hizo tatu ziliangukia katika juma la mwisho la maombi ya nafasi za vyuo. Mhudumu aliiunganisha tarakilishi moja na intaneti ya simu yake, na foleni iliyozoea mashine 6 ikabanwa katika moja. Mawimbi ya simu nyuma ya duka ni dhaifu, na bando zilikwisha upesi. Wenye nauli walikwenda Litein. Mzee mmoja alikuja na binti yake kwa miguu, akitoka karibu na msitu, wakakaa kwenye benchi hadi jioni na kurudi nyumbani bila kufikiwa. Siku ya pili walikuja tena, na ya tatu pia. Siku hiyo binti aliijaza fomu yake, akachagua kozi zake, akalipa ada, akapewa karatasi ya uthibitisho, na mzee akaikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti. "Kongoi," alimwambia mwalimu. Wapo wengine waliokaa kwenye benchi hilo siku ya kwanza na hawakuonekana tena. Huenda walikwenda Litein. Mama huwataja mara kwa mara, na hujilaumu.

Kuanzia hapo mwalimu aliipanga ruta upya, na safari hii alifanya kila hatua huku mama na mhudumu wakitazama. Kwanza aliiunganisha na tarakilishi kwa waya, kwani hatua hizo hazifai kufanywa kwa waifai. Alifungua ukurasa wa mipangilio na kubadilisha nenosiri la msimamizi. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi na wengi. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka malaki ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na manenosiri 60 hivi ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuwahi kuyabadilisha, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilivyotekwa vilitumiwa kuangusha tovuti mashuhuri kwa saa kadhaa. Hatua ya pili, aliifunga njia ya kuingia katika mipangilio kutoka nje. Ya tatu, aliisasisha programu ya ndani ya ruta, kwa kuwa watengenezaji huziba humo nyufa zinazogunduliwa kila mara. Ya nne, aliziwekea printa namba zisizobadilika, ili tarakilishi zisizitafute kila asubuhi.

Hatua ya tano ilikuwa kuugawa mtandao sehemu mbili. Wateja wanaoketi kunywa chai na kuperuzi simu zao walipewa waifai yao, isiyoweza kuzifikia mashine za kazi. Baadhi ya watu huona kuwa huko ni kujitanua kusikofaa katika duka la kijijini. Lakini tarakilishi hizo sita hupitia kila siku namba za vitambulisho, namba za kodi, matokeo ya mitihani na barua za ajira za watu wanaofahamiana. Tangu Sheria ya Kulinda Data ilipopitishwa nchini Kenya mwaka 2019, anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda. Kabla ya sheria hiyo kulikuwapo wajibu mkongwe zaidi, ule wa jirani.

Hatua ya sita ilihusu radi. Ruta na kifaa cha antena vilichomekwa katika betri ya akiba yenye kizuizi cha mshtuko wa umeme, na mlingoti wa antena ukafungwa waya mnene unaopeleka umeme wa radi ardhini. Kazi hii ilimpasa fundi wa umeme mwenye leseni, naye mwalimu hakuigusa. Mwishoni aliihifadhi nakala ya mipangilio yote katika faili moja, akaitia katika diski ndogo ya mkononi, na kumkabidhi mama.

Ilibaki hatua ambayo haimo katika mwongozo wowote wa kiwandani: kuandika daftari. Mwongozo uliokuja na ruta ulikuwa wa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili kikiwa hakimo. Mhudumu ni Mkipsigis, kijana wa M-Pesa ni Mkisii, na wateja ni wa makabila yote yaliyovutwa hapa na ajira za mashamba ya chai tangu enzi za ukoloni. Lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Mwalimu alinunua daftari la kurasa 96 na kuketi kuandika, akidhani kwamba kwa mtu wa shahada yake hiyo itakuwa kazi ya jioni moja. Ilimchukua majuma mawili.

Aliandika kwanza "kipanga njia", istilahi aliyoikuta katika orodha za msamiati wa tarakilishi. Mhudumu alisoma, akauliza ni njia ipi inayopangwa, na kama ni ile ya lori la majani. Akafuta, akaandika "ruta". Aliandika "anwani" ya printa. Kijana wa M-Pesa akatafuta namba ya sanduku la posta. Akafuta, akaandika "namba ya printa", kwa kuwa mtu yeyote wa Kimulot anajua maana ya kuwa na namba. Alisita baina ya "nywila", inayotumika sana Tanzania, na "nenosiri" lililozoeleka Kenya. Dukani watu husema "paswadi". Akachagua "neno la siri", nalo likapokewa bila swali.

Ugumu mkubwa ulikuwa katika lile neno lililozua balaa. Alijaribu "kuanzisha upya", neno sanifu na la kupendeza. Alipolipima akaona kwamba limebeba mkanganyiko uleule wa "reseti", kwa kuwa anayezima na kuwasha huanzisha upya, na anayefuta kila kitu pia huanzisha upya. Hatimaye aliyatupa majina na kushika vitenzi. Cha kwanza alikiita "zima, ngoja, washa". Cha pili alikiita "futa kila kitu". Ukurasa wa tatu wa daftari sasa unasomeka hivi:

Taa ya intaneti ikiwa nyekundu, usiguse kitundu cha nyuma. Piga simu kwa kampuni uulize kama mnara una umeme. Kama una umeme: zima, ngoja uhesabu hadi 30, washa. Subiri dakika 5. Ikiwa bado nyekundu, mwite mwalimu. Kufuta kila kitu hufanywa na mwalimu au kwa ruhusa ya mama, tena baada ya kuhakikisha nakala ya mipangilio ipo.

Wanaosomea isimu watatambua kwamba mwalimu alikuwa akitekeleza kanuni ambayo sisi huiandika katika mitihani: istilahi bora hupambanua dhana moja na nyingine. Tofauti ni kwamba yeye aliitekeleza mbele ya mtu aliyekuwa amekwisha kuumia kwa kukosa upambanuzi huo. Hapana shaka juhudi za wataalamu wetu zimezaa matunda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kuandikwa kwenye menyu za tarakilishi. Mara nyingi, hata hivyo, orodha zetu huishia kwenye nomino. Tunalipa kila kifaa jina na kuridhika, ilhali ajali za mtandao hutokea kwenye vitenzi: kuzima, kufuta, kuhifadhi, kuchomoa, kusasisha. Isitoshe, orodha hizo hupimwa na wanaojua tayari kinachozungumziwa. Mwalimu alipimiwa na mhudumu aliyeshika pini.

Swali moja liliibuka kuhusu siri. Vitabu vingi vya usalama huonya dhidi ya kuandika manenosiri kwenye karatasi, na onyo hilo lina msingi wake katika ofisi yenye watu 200 wasiofahamiana. Mama aliliamua jambo hili kwa namna yake. Daftari la maelezo hukaa chini ya meza ya printa, wazi kwa kila mfanyakazi. Maneno ya siri, jina la laini, barua ya kampuni inayoithibitisha laini kuwa ya mama, pamoja na ile diski ndogo, vimo katika bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi, ndani ya sanduku la chuma linalohifadhi hatimiliki ya shamba. Bahasha ikifunguliwa, tarehe na sababu huandikwa daftarini, na maneno ya siri hubadilishwa. Mwalimu alikubali. Aliongeza sharti moja tu, kwamba jina lake mwenyewe lisiwe katika laini wala katika akaunti yoyote ya duka, ili siku TSC itakapomwita akafundishe mbali, aondoke bila kuubeba mtandao wa mtu mfukoni.

Utunzaji wenyewe umekuwa wa kawaida. Kila mwisho wa mwezi mhudumu huangalia kama kuna programu mpya ya ruta, huhesabu vifaa vilivyounganishwa na kuvilinganisha na orodha, hupangusa vumbi, huizima betri ya akiba kwa makusudi ili aone kama bado inashika, na kuandika tarehe. Ni kazi ya nusu saa. Katika kurasa za karibuni mwandiko wa mwalimu ni haba, na ule wa mhudumu umezidi. Ameanza kusahihisha sentensi. Palipoandikwa "subiri dakika 5" amekata na kuandika "dakika 8", kwani ameipima kwa saa ya ukutani. Mahali pengine ameongeza neno la Kipsigis pembeni ili mama asome kwa urahisi.

Mvua ya radi imerudi mara nyingi tangu wakati huo, na mara mbili taa imekuwa nyekundu. Katika safari zote mbili mhudumu aliufungua ukurasa wa tatu, akapiga simu, akangoja. Mwalimu alizipata habari hizo baadaye, alipolikagua daftari. Wenye maduka wengine wawili wa sokoni wameliomba, wakidhani watalinakili neno kwa neno. Aliwakatalia kwa upole. Aliwaambia kwamba kila duka lina nyaya zake na watu wake, na kwamba atakuja kuketi na kila mmoja wao aandike la kwake. Ameanza na duka la dawa.

Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni huulizana kila mwaka ni mradi gani wa utafiti utakaowatoa katika kuta za maktaba. Kazi ya aina hii inapatikana katika kila soko la nchi hii, dukani, karakana na zahanatini. Haihitaji ruzuku kubwa. Huhitaji daftari, muda, na utayari wa kufuta istilahi tunayoipenda pindi anayeitumia anapouliza inamaanisha nini.